Wakwe wananiita mwenye harara: ni tusi, au ni kweli?

Shikamoo mama,

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, nimeolewa Tanga, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe pamoja na wifi yangu. Mume wangu ni fundi magari. Mimi naamka saa kumi usiku, nakaanga maandazi na vitumbua, kukipambazuka nauza hapo hapo barazani. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka 6.

Nakuandikia kwa ajili ya neno moja. Mwanzoni mwa ndoa yangu nilimsikia wifi akimwambia jirani uani, "Mke wa kaka ana harara huyo!" Kwetu harara ni vile vipele vya joto vinavyowatoka watoto shingoni. Na kweli ulikuwa mwezi wa pili, joto la Tanga limenielemea, nikadhani ameniona shingo. Nikanunua poda dukani, nikawa najipaka kila nikitoka kuoga. Hakuna aliyeniambia lolote. Maana yake nilikuja kuijua msibani, pale mama mmoja aliponishika mkono akaniambia kwa upole, "Mwanangu, punguza harara, nyumba ya watu hii." Nikamwuliza harara ipi, ndipo akanieleza kuwa ni hasira za haraka.

Tangu hapo nalisikia kila siku. Nikiuliza nani kamaliza mkaa, harara. Nikimkatalia mtu mkopo wa maandazi, harara. Mume wangu naye kalidaka. Nikianza tu kusema jambo ananiambia, "Haya, harara imepanda," anachukua funguo za pikipiki anatoka.

Mambo mawili yameniumiza zaidi. La kwanza ni kibubu. Nilikuwa naweka hela za maandazi kwa ajili ya sare, madaftari na viatu vya mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zilikuwa zimefika laki na themanini, maana kila ninapotia naandika. Siku hiyo natoka sokoni nakuta kibubu kimepasuliwa, vipande vimefagiliwa nyuma ya mlango. Mume wangu kachukua zote, kachangia harusi ya binamu yake, hakuniambia. Nilitoka uani, wageni wapo, nikapaza sauti: "Hela za mtoto ziko wapi?" Mama mkwe akawageukia wageni akasema, "Mtuwie radhi, mwenzetu ana harara." Wageni wakaanza kunisihi mimi nitulie. Mpaka leo hela hazijarudi na hakuna anayezitaja. Kinachotajwa ni jinsi nilivyopiga kelele mbele za watu.

La pili, tulikuwa tunakula mchana, sinia moja, mimi, mama mkwe, wifi na shangazi ya mume wangu aliyekuja kutoka Pangani. Mama mkwe akasema samaki wa leo kapikwa kibara, hana nazi wala ndimu. Shangazi akacheka. Mimi nikanawa mkono nikainuka, bakuli la kunawia nikalibwaga chini, maji yakamwagikia mkekani. Sikusema hata neno. Wakasema tena harara. Sasa hapo kosa langu ni nini, wakati aliyetukanwa ni mimi?

Na sasa limefika kwa mtoto. Mwenzake alimpokonya kidoli, naye mwanangu akamsukuma. Bibi yake akasema, "Huyo karithi harara ya mamake." Juzi nimemsikia mwenyewe anawaambia watoto wenzake, "Mimi msinichezee, mimi nina harara." Mama, nililia.

Naomba unieleze, neno hili maana yake hasa nini? Ni tusi? Ndilo hilo hilo la mkorofi na mgomvi? Kama kweli ni tabia yangu, nitaiacha vipi? Na kama si kweli, nifanyeje waache kuniita hivyo?

Mimi mke wa mtu, Tanga.

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na neno lenyewe kwa kuwa umeliuliza, na kwa kuwa ukilielewa vizuri hayo mengine yatakuwa mepesi kuyashika.

Ulivyolijua Kondoa hukukosea. Harara limetoka kwenye Kiarabu na huko ni joto. Kiswahili kikalichukua, kikalitumia kwa joto la mwili, kwa vipele vinavyoletwa na joto hilo, na kwa hasira inayopanda upesi. Ni ndugu wa hari, ile hari ya kaskazi inayokufanya ujipepee kwa ncha ya khanga. Ukifungua kamusi utakuta maana ya vipele na maana ya hasira zimekaa chini ya neno hilo hilo moja. Pwani watu wazima wanaitumia sana ile ya hasira. Bara aghlabu utasikia mtu ana hasira za karibu, au ni mwepesi wa hasira. Vijana wa mjini nao wana maneno yao, kupaniki na kumaindi. Kwa hiyo kukaa kwako na neno hili bila kulijua si jambo la kuonea haya. Ingekuwa vizuri zaidi wifi yako angekuambia wewe badala ya jirani.

Neno hili linataja jambo moja tu, nalo ni upesi. Linasema hasira ya mtu huyu haichelewi. Halisemi kama hasira hiyo ina sababu au haina, halisemi mwenye nayo ni mtu mbaya, wala halisemi kwamba jambo alilolikasirikia ni uongo. Ushike hapo, nitaparudia.

Ndiyo maana si sawa na mkorofi wala mgomvi. Mkorofi anajua analolifanya. Anatia fitina kwa makusudi, anaziba njia ya maji ili jirani akwame. Mgomvi anautafuta ugomvi hata pale usipokuwepo. Ukimwachia njia anakufuata. Kuna na mwenye gubu, ambaye hapigi kelele hata siku moja lakini ananuna na kunung'unika kutwa, wiki nzima, mpaka nyumba inakuwa nzito. Mtu wa harara mara nyingi hana gubu. Imempanda, ameisema, imeshuka, anauliza leo tunapika nini. Wazee wakisema "ana harara lakini hana kinyongo", nusu ya maneno hayo ni sifa, na wengine wangemchagua huyo awe mkwe wao kuliko yule anayetabasamu na kuweka moyoni.

Neno linalolikaribia zaidi ni hamaki. Asili yake ni Kiarabu pia, na huko shina lake ni la upumbavu. Ahmaq ni mpumbavu. Hata Biblia ya Kiswahili, katika Mithali 14:29, inamtaja mwenye roho ya hamaki na upumbavu kwa pamoja. Kwa asili yake, basi, hamaki ni neno zito kuliko harara. Lakini tazama tunavyoyatumia. Hamaki ina kitenzi. Tunasema fulani alihamaki, yaani siku ile, kwa jambo lile, kisha yakaisha. Mtu mpole kuliko wote mtaani anaweza kuhamaki siku moja na kesho akarudi kuwa mpole. Harara kwa kawaida tunaisema kwa "ana". Ana harara, kama tunavyosema ana pumu. Ukiambiwa umehamaki unaweza kuuliza, lini, kwa lipi? Ukiambiwa una harara huna la kuuliza, maana halijatajwa ulilolifanya, umetajwa wewe. Nadhani hicho ndicho kinachokuchoma, hata kama hukuwa umepata namna ya kukisema.

Umeuliza kama ni tusi. Tusi si hilo. Ni neno lenye adabu, linasemeka mbele ya wakwe na mbele ya shehe, na aliyelisema hawezi kushtakiwa kwa wazee kwamba katukana. Lakini neno la adabu linaweza kutumiwa vibaya, na katika barua yako naona linatumiwa kukunyamazisha. Nakuomba uangalie pia linamwangukia nani. Mwanamume akipiga meza, akafokea nyumba nzima kwa sababu chai imepoa, tunasema ni mkali, na mkali kwetu ni sifa. Mwalimu mzuri ni mkali, siku hizi hata mwimbaji hodari anaitwa mkali. Watu kumi wakimpiga mwizi wa kuku mpaka afe, magazeti yetu huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira yao imeshaeleza kila kitu na hakuna haja ya kuuliza zaidi. Lakini mwanamke akiuliza hela za sare za mtoto zimekwenda wapi, hasira yake ndiyo inayogeuka kesi. Nalisema hili kwa uchungu, maana barua za namna hii napata nyingi, na karibu zote zimeandikwa na wake.

Sasa tuje kwenye kibubu.

Pwani kuna methali bila shaka umekwisha kuisikia: hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Wengine husema furaha ya mvuvi. Mkizi ni samaki mrukaji. Wavu ukimzunguka, au akishtushwa na kishindo cha kafi, anachomoka majini kwa nguvu zake zote, na mara nyingine anaangukia ndani ya chombo chenyewe. Mvuvi hana kazi tena, anamwokota. Watu wakiitumia methali hii humlaumu mkizi. Mimi naona tumwonee huruma kwanza, kwa sababu wavu ulikuwepo kweli. Hakushtuka bure. Kosa lake ni mahali alipoangukia tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwako. Kibubu kilipasuliwa kweli, laki na themanini ilichukuliwa kweli, na vipande vikafichwa nyuma ya mlango na mtu anayejua kabisa kwamba alichofanya hakifai. Kukasirika ilikuwa haki yako. Lakini ulipopaza sauti mbele ya wageni, mazungumzo yalihama papo hapo kutoka kwenye hela kwenda kwenye sauti yako. Aliyefaidika ni nani? Mumeo. Alipaswa kujibu swali gumu mbele ya watu, lakini watu wote wakawa na kazi ya kukutuliza wewe, yeye akawasha pikipiki. Sijui kama mama mkwe alikusudia hivyo. Huenda alikuwa anaokoa aibu ya nyumba yake kama mama yeyote. Matokeo lakini ndiyo hayo.

Kwa hiyo hapa sikushauri uombe radhi kwa kukasirika. Nakushauri ulirudishe swali mahali pake, safari hii bila wageni, bila mama mkwe, bila mtoto. Chagua jioni ambayo nyote wawili mmekula, na usiwe umechoka. Mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mume wangu, siku ile nilipaza sauti mbele za watu. Hilo ni langu, nalibeba mimi. La laki na themanini ya mtoto ni lako, nataka kujua utairudisha lini." Kisha nyamaza, mwache aseme. Akisema "harara hiyo imeanza", usijitetee kwamba huna harara. Ukijitetea umeshaingia kwenye mazungumzo ya harara na umeyaacha ya hela. Mwambie, "Hata kama ninayo, hela ni lini?" Rudia maneno hayo hayo, kwa utulivu huo huo, hata mara tano.

Hata sheria zetu hutenganisha mambo haya mawili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 201, inamzungumzia mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Huyo hatiwi hatiani kwa mauaji ya kukusudia, ila kwa kuua bila kukusudia. Mahakama inauliza alichokozwa kwa nini, na inauliza hasira yake ilikuwa ya papo hapo kiasi gani. Swali la kwanza halimezwi na la pili. Kama hilo linawezekana kwenye jambo zito kama uhai wa mtu, linawezekana kwenye kibubu.

Akikataa kabisa kulizungumza, usiende kwa majirani wala usilipeleke kwa wifi. Mwendee mshenga wenu, au mzee mmoja wa upande wake anayemheshimu, umweleze kwa tarehe na kwa hesabu. Ulisema kila unapotia unaandika. Chukua daftari hilo. Mwenye harara hatarajiwi kuja na daftari, na wazee watakusikiliza tofauti. Na hela za mtoto kuanzia sasa zisikae kwenye kibubu. Ziweke kwenye akaunti ya simu yenye namba ya siri yako, au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama unaowaamini.

La sinia ni jingine, mwanangu, na hapa sitakubaliana nawe.

Umeniuliza kosa lako ni nini wakati hukusema hata neno. Hukusema, lakini uliinuka kwenye sinia ya watu wakiwa bado wanakula, ukabwaga bakuli mbele ya mgeni aliyetoka Pangani. Pwani kuinuka hivyo kunasema mengi kuliko maneno ambayo ungeyasema. Na alichosema mama mkwe kilikuwa nini? Samaki hana nazi wala ndimu. Neno "kibara" lilikuwa la kuchoma, sikatai, na hasa kama limekuja juu ya mengine ya siku nyingi. Lakini kwa samaki asiye na nazi ungeweza kumjibu, "Basi mama, kesho njoo jikoni unifundishe," na shangazi angecheka upande wako. Kwenye kibubu kulikuwa na dhuluma. Kwenye sinia kulikuwa na kijembe, na kijembe ni kitu kidogo ulichokifanya kikubwa. Ukiyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja, utawapa wakwe zako sababu ya kuyaweka kwenye kapu moja vilevile.

Kwa hiyo la sinia omba radhi. Usiombe mbele ya watu, mfuate mama mkwe akiwa peke yake, labda anachambua mchele au anasuka ukili wake, ukae chini karibu naye. "Mama, siku ile ya shangazi nilipoinuka kwenye sinia nilikosa adabu. Naomba uniwie radhi." Uishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe ulisema". Hiyo "lakini" ikija, radhi yote imekwenda. Mama mkwe aliyeombwa radhi kwa jambo moja lililo wazi huwa mgumu kidogo kukuita harara kwa jambo la pili, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba unajua kupima.

Sasa kama kweli una harara, utaipunguza vipi? Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona kitu ambacho wewe umekitaja kama kwa bahati tu. Unaamka saa kumi usiku. Unasimama mbele ya karai la mafuta ya moto mpaka jua linatoka, kisha unauza, kisha sokoni, kisha chakula cha mchana cha nyumba nzima. La kibubu lilikukuta unatoka sokoni. La sinia lilikukuta mchana. Mtu asiyelala vya kutosha hasira yake haina breki, hilo madaktari wanalijua na mama yeyote aliyewahi kunyonyesha analijua. Tafuta namna ya kulala baada ya mauzo, hata saa moja. Kama wifi yuko nyumbani, chakula cha mchana siku mbili tatu kwa wiki apike yeye; hilo nalo uliombe kwa upole na uliombe kupitia kwa mumeo.

Hasira ikishaanza kupanda, mwili unafanya kazi yake bila kukuuliza. Homoni ya adrenalini inamwagika damuni, moyo unakwenda mbio, uso unapata moto, mikono inataka kufanya kitu. Bakuli lile lilibwagwa na mkono huo. Hapo huwezi kujiambia tu "tulia" na ukatulia. Fanya kitu kwa mwili. Kama wewe ni Mwislamu, naamini unayajua mafundisho ya Mtume: katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomwondoka alale. Ni maagizo ya mwili kabisa, na yana maana kubwa. Aliyekaa ni vigumu kubwaga kitu au kumfuata mtu. Ukihisi joto limefika shingoni, kaa. Kama umeshakaa, kama siku ya sinia, bana vidole vyako ndani ya khanga na tafuna tonge lililoko mdomoni mpaka liishe kabisa kabla ya kusema au kuinuka. Katika hadithi nyingine iliyo kwa Bukhari na Muslim, Mtume anasema mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu kwa mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Anasema kuimiliki. Hakusema asiwe nayo.

Na jambo moja la haraka. Kama hasira hizi ni mpya, hukuwa hivi Kondoa, na zimekuja pamoja na moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, mikono kutetemeka, kukonda ingawa unakula, na kushindwa kustahimili joto kuliko wenzako, nenda hospitali wakupime tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo zote, hasira zikiwemo, na ina dawa.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo lililonikaa zaidi moyoni.

Mtoto wa miaka 6 aliyepokonywa kidoli akasukuma, amefanya wanachofanya watoto wa miaka 6 kila mahali. Alihamaki. Hakuna zaidi. Lakini sasa ameambiwa kwamba anacho kitu ndani yake, amekirithi, na kina jina. Na tazama alivyolipokea: hakulia, alijivuna nalo. "Msinichezee, mimi nina harara." Ameona neno hili linawafanya watu wazima wamsogelee mama yake kwa tahadhari, naye anataka hiyo tahadhari. Kesho shuleni akimpiga mwenzake na mwalimu akimwuliza kwa nini, jibu analo tayari, na jibu hilo halina majuto ndani yake. Kwake harara imeshakuwa ruhusa.

Kwa hiyo ukimkuta amemsukuma mwenzake, usimwambie ana harara, na usimwambie hana. Chuchumaa macho yenu yakutane, umwambie kilichotokea: "Umekasirika kwa sababu amekupokonya kidoli. Kukasirika sawa. Kumsukuma hapana. Twende ukamwambie akupe kidoli chako, mimi niko hapa." Mpe maneno ya kusema, maana mtoto anasukuma pale maneno yanapomwishia. Akifanikiwa kuomba kidoli bila kusukuma, msifu kwa jambo hilo hilo, na umsifu bibi yake akisikia.

Na bibi yake uzungumze naye. Usiliweke siku ile ile ya kuomba radhi, radhi iwe radhi tupu. Siku nyingine mwambie, "Mama, nakuomba jambo la mjukuu wako. Akikosea tumwambie alichokifanya, tusimwambie alivyo. Ameanza kujiita mwenye harara mbele ya wenzake." Mweleze ulivyomsikia, neno kwa neno. Sidhani kama kuna bibi atakayefurahi kusikia mjukuu wake anajivunia hivyo mtaani. Hapo utakuwa unamtetea mjukuu wake, na huenda likawa jambo la kwanza katika nyumba hiyo ambalo wewe na yeye mtakuwa upande mmoja.

Wifi mwache. Akisema "harara", mwitikie kwa jambo lililoko mbele yenu: "Ndiyo wifi, na mkaa umeisha, nani anakwenda kununua?" Halihitaji jibu zaidi ya hilo.

Hukuandika kama kuna anayeinua mkono ndani ya nyumba, awe mumeo kwako au wewe kwa mtoto. Kama yupo, niandikie upya, maana hapo ushauri wangu utakuwa mwingine kabisa. Na ukishazungumza na mumeo, niambie amesema atarudisha lini zile hela.